Visiki Tulivyong'oa kwa Arobaini Yako

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini sijui kuanza barua yako kwa namna nyingine.

Masika yamefika Kwedizinga. Mdogo wangu Shabani ameshapanda mahindi, mama ameanza kula vizuri kidogo, na paa la darasa langu sasa lina sola. Ungekuja kuiangalia, ukamwuliza fundi maswali mpaka achoke.

Wiki iliyopita nilifundisha nishati. Nikaandika ubaoni, jadidifu upande mmoja, isiyo jadidifu upande wa pili. Jua, upepo na maji huku. Petroli, gesi na makaa ya mawe kule. Nikakumbuka uliponichukua kwenda Mombo na magunia yako ya mkaa, nikiwa darasa la nne. Tulikuwa tunakula chipsi pale mabasi yanaposimama, lori la mafuta likapita, ukasema, "Haya hayana kisiki, mwanangu. Yakichomwa yamekwisha." Hakuna kitabu kilichonieleza vizuri zaidi.

Basi mtoto mmoja wa mbele akauliza, "Na kuni je, mwalimu?" Nikajibu ni jadidifu, kama kitabu kinavyosema. Nikawaambia wachore mti, nikatoka nikalia nyuma ya ofisi ya walimu.

Baba, kuna jambo sijakwambia hata kaburini.

Wachoma mkaa wenzako walikata wakahama. Wewe ulikata miti ya myombo usawa wa goti, ukaacha visiki vichipue, ukapunguza machipukizi, ukangoja miaka mpaka mti urudi. Mama alikutania kuwa umemletea wake wenza kule bondeni. Na mimi uliniambia, tena si mara moja, "Kisiki ukiking'oa, kuni nazo zimekuwa mafuta. Hazirudi."

Siku ya arobaini yako watu walikuja wengi kuliko tulivyotegemea. Kuni za pilau zikapungua. Wakaniuliza mimi, kwa kuwa ndimi mwanao mkubwa. Moto wa kisiki na mizizi yake ni mkali na hauishi upesi, kila mtu hapa anajua. Nilitaka wageni wako washibe. Nilitaka, niseme kweli, watu wakisifu arobaini yako wanisifu na mimi. Nikawaonyesha bondeni. Wakang'oa vyote, nami nimesimama pale pale na kanga kichwani. Tukakusomea hitma kwa moto wa miti uliyokuwa unaingojea.

Sasa mvua imenyesha, na kila palipokatwa pamechipua, isipokuwa kwako. Bondeni ni mashimo yenye maji tu. Naenda kila asubuhi kabla ya shule kutazama, kana kwamba usiku mmoja mzizi utabadili mawazo. Nimekupoteza mara mbili, baba, na mara ya pili ni kwa mkono wangu.

Shabani anataka kulima ufuta pale. Nimemkatalia bila kumwambia sababu. Leo jioni nitamwambia yote, hata ile sehemu ya kutaka sifa. Nimeokota mbegu za myombo, nitazipanda Jumamosi. Mti wa mbegu huchelewa. Huu sitauchoma mimi, huenda hata wanangu wasiuchome. Lakini nakuahidi watajua kukata usawa wa goti.

Nisamehe. Pumzika, baba yangu. Na wosia wa arobaini yangu nimeshauandika: kuni zikipungua, wageni wale tende na maji, waende nyumbani kwao.

Mwanao,
Zaina