Jaruba la Mama Nililiweka la Mwisho

Rach Co, An Giang,
14 Septemba 2009

Mpendwa mdogo wangu Diem,

Hujambo huko Taiwan? Mgongo umepoa, au bado wanakusimamisha kiwandani kutwa? Mimi mwili mzima na tumbo linakula, ila moyo ndio umekosa pa kukaa. Ni saa nane mchana, mvua imenifungia ndani na kahawa yangu.

Kwanza ujue kaka yako sasa ni dereva wa mashine ya kuvuna mpunga. Kitongoji kizima tuna mashine moja, na walipotafuta mtu aliyeona dunia, wangempata nani kama si mimi, niliyeendesha trekta kule mjini Can Tho miezi minne?

Siku ya kwanza, kwa Mjomba Nam, jaruba dogo kama mkeka lilinila kutwa nzima, na tuta lake nikalibomoa. Akaniuliza, "Bay, unavuna au unachimba bwawa?" La pili likanichukua nusu siku. La nne, muda wa saa mbili tu.

Na hilo nilishalipigia hesabu, mimi wa darasa la saba. Madogo nikayaweka mbele, nikosee humo humo. Makubwa nyuma, nikishakuwa fundi. Kubwa kuliko yote, la Mama, nikaliweka la mwisho.

Nilichosahau ni kwamba mpunga haukai foleni kama watu. Siku ya tano ilishuka mvua na upepo, ukalala wote. Mpunga uliolala, hata bingwa anakwenda kama konokono. Kila hatua kumi unashuka kuchokonoa matope kwenye meno ya mashine. Kabla ya Mama yamebaki majaruba mawili, na linalofuata ni la Bi Sau, yule mjane. Nikamwambia Mama tumruke. Akanijibu, "We mtoto, halafu nitamtazama na uso gani?"

Sasa yuko shambani, na miaka yake sitini na sita, anainua mabua na kuyafunga mafungu mafungu yasimame. Ndio mpunga wetu wa kula hadi mwaka mpya wa Tet. Jana aliniwekea suke moja kando ya bakuli langu, limeshatoa vimea vyeupe.

Kinachonimaliza ni kwamba anawaambia majirani, "Bay wangu kaniweka mwisho kwa adabu, katanguliza wenzake." Diem, haikuwa adabu. Nilitaka nifike kwa Mama nikiwa nakata kama upepo, kitongoji kizima kimejipanga kwenye tuta kinanitazama. Hata miwani ya jua nilishanunua.

Nilianza barua hii nikutume wewe umwambie Mama ukweli. Nimefika hapa nimeona aibu. Nitamwambia mwenyewe, leo, tukiwa tunafunga mabua.

Mjomba Nam na Bi Sau wanakusalimu sana. Mama pia angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia. Nisalimie Huong mnayelala naye chumba kimoja. Mababu wakufunike, wakurudishe salama.

Ndani ya bahasha nimetia punje tatu za shamba la Mama, ambazo hazijaota. Zitunze mahali pakavu. Huenda mwaka huu tusipate nyingine.

Kaka yako akupendaye, anayekwenda matopeni sasa hivi,

Bay Toai