Walimpa Miadi Siku ya Sabato

Jumamosi, Kisii. Mvua tangu asubuhi, na nina hasira ambayo sijaizoea.

Mawaziri wawili wa mambo ya nje, wetu na wa nchi rafiki, wamemaliza mazungumzo yao katika hoteli moja hapa mjini. Vita vya mbali, usalama wa bahari, biashara. Taarifa yao inasema wamekubaliana kwa kila jambo. Naamini. Waliyachagua mambo hayo kwa uangalifu.

Osoro hakuwemo.

Ni kijana wa Ikonge aliyekwenda nchi ya waziri huyo mgeni kuendesha lori, na sasa amefungwa huko bila kushtakiwa. Mama yake, Bosibori, alimwomba msaidizi wa waziri wetu nafasi ya kusema na mgeni. Msaidizi ni mzaliwa wa Sironga, Msabato kama yeye. Kwa kuwa aliombwa mbele ya kanisa zima, hakuweza kukataa. Akampa Jumamosi asubuhi, saa ya ibada.

Alijua anachofanya.

Mama alikuja. Gauni la kanisani, viatu vya matope. Mawaziri walikuwa wakitoka, sisi waandishi tumesimama mlangoni.

"Mama, kwani leo si Sabato?" msaidizi akamwuliza, akitabasamu kwa ajili ya kamera.

Akamjibu kwa Ekegusii, lugha yetu ya hapa, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya shamba la chai: "Ni Sabato. Kondoo akitumbukia shimoni siku ya Sabato, hutolewa. Wangu yuko kwenye shimo la huyu."

Mgeni akauliza amesema nini.

"Anakukaribisha Kisii," msaidizi akatafsiri.

Miaka yote nimeandika wanayosema wengine bila kuingilia. Leo niliingilia. Nilimtafsiria mgeni kwa Kiingereza, neno kwa neno, shimo likiwamo.

Hakuahidi lolote. Aliuliza jina la kijana, akalikosea, mama akamsahihisha mpaka akalitamka sawasawa. Waziri wetu akatazama saa. Magari yakaondoka.

Baadaye msaidizi alinipigia simu. "Wewe ni mtu wetu, halafu unatuaibisha mbele ya wageni? Usikanyage mkutano wetu tena."

"Na mama yule ni mtu wa nani?"

Akakata.

Mhariri anataka kichwa cha habari kuhusu urafiki. Nimempelekea kinachomtaja Osoro. Akikitupa, ninyi mmekwisha kulisoma jina hapa kwenye ukurasa wangu.

Na mgeni hawezi tena kusema hakulisikia.