Kiboko wa Upande wa Pili wa Pazia

Jumatatu, 3 Machi

Uji, vidonge, dirisha. Mke wangu Nabwire ametoka kwenda Eastleigh kabla sijaamka vizuri, dukani kwao leo wanafungua marobota ya vitambaa. Halafu mama yake ameingia. Nimemsikia akivua viatu mlangoni na kujikohoza, ndiyo hodi yake. Pazia la chumba limeshushwa. Siku imeisha kabla haijaanza.

Mguu unawasha chini ya bendeji. Nilianguka kutoka paa la ghala huko Industrial Area nikichomelea vyuma, na mfupa chini ya goti ukavunjika vipande. Wameutia chuma. Daktari aliniambia waziwazi: nisiukanyage hata kidogo mpaka wapige picha mwisho wa mwezi. Chuma kikisogea hakuna kurudia, watakata. Alisema "watakata" kama mtu anayezungumzia mti wa ua.

Ghorofa ya nne. Lifti hakuna. Basi niko hapa.

Jumanne, 4 Machi

Naandika sheria za nyumba hii nisije nikapata wazimu.

Kwao Nabwire, huko Bunyala, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na yeye halali chini ya paa langu. Analala kwa binamu yake ploti ya nyuma, anakuja asubuhi kunitunza, jioni anaondoka. Mimi Mkikuyu. Kwetu heshima ipo, lakini hatujafika huku. Siku ya kwanza kukutana naye nilimpa mkono kwa bidii zote. Aliutazama mpaka nikaurudisha mfukoni. Nabwire hajaacha kunicheka.

Choo kiko ng'ambo ya sebule. Nikitaka kwenda, nagonga sakafu kwa gongo. Yeye anaingia jikoni, anafunga mlango, anajikohoza. Hapo ndipo napita. Chakula anakiweka juu ya stuli mbele ya pazia na kuondoka, mimi nakivuta kwa gongo. Leo mrenda, mboga ile ya kuteleza. Umeshuka wenyewe, sikuhitaji meno.

Naona aibu. Mtu mzima nalishwa kama ndama aliyefungwa zizini.

Alhamisi, 6 Machi

Jambo limetokea.

Nilikuwa naangalia video kwenye simu. Jamaa mmoja analinganisha wanyama wakubwa wala majani, nani atampiga nani. Kifaru na kiboko. Nikasema kwa sauti, peke yangu, kwamba kifaru anamaliza hiyo kazi mapema na kurudi nyumbani.

Kutoka upande wa pili wa pazia: "Anayesema hivyo hajaona kiboko."

Tangu aje, hayo ndiyo maneno yake ya kwanza yasiyohusu chakula. Na hakuniambia mimi, aliuambia ukuta. Nami nikaijibu dari: kifaru ana pembe, ana ngozi nene, na akikimbia hasimami. Ukuta ukaambiwa kwamba hizo pembe ni mbili tu, na mdomo wa kiboko ukifunguka unaingia pembe pamoja na mwenye pembe. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Nimefurahi. Naandika kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho.

Jumapili, 9 Machi

Nabwire yuko nyumbani, mama yake kaenda kanisani. Nabwire anasema huko ploti ya nyuma nimeshakuwa habari. Mama anawaambia watu mkwe wake ni mbishi na hajui wanyama. Nimeuliza alisema kwa hasira au kwa kucheka. Nabwire akasema, "Wewe jali mguu wako."

Jumapili ni ndefu. Naingoja Jumatatu kama mtoto.

Jumanne, 11 Machi

Leo tumepanga wote. Tembo juu, hapo hatukubishana. Tembo dume akiwa na hasira, hata kifaru anampisha. Nyati mimi nilimweka chini ya kifaru. Yeye akakataa katakata. Nyati haji peke yake, akasema, ukimgusa mmoja umegusa ukoo. Nikasema pambano ni la mmoja kwa mmoja. Akauliza ni nani huko porini anayewapanga foleni. 

Twiga alimdharau kabisa. Nikamwambia teke la twiga linaua simba. Akasema simba huyo alikuwa mgonjwa. Halafu akadai tembo hathubutu kuingia maji yenye kiboko. Uongo mtupu, nina video. Nimemwambia ninayo. Akasema video zinatengenezwa.

Mwanamke huyu hashindiki. Sijawahi kuuona uso wake vizuri, lakini naujua ubishi wake kuliko wa ndugu zangu.

Ijumaa, 14 Machi

Mosh kutoka kazini amekuja kuniona. Kapanda ngazi anapumua kama mashine, kaingia, kamsalimia Mama, kisha kashika pazia na kulivuta wazi lote. "Niaje, buda! Bado umelala tu?"

Mama alikimbilia jikoni kwa kasi ambayo sikuitarajia. Kishindo cha mlango kilisikika ploti nzima. Nilimweleza Mosh, akaomba msamaha kwa mlango wa jikoni, akawa anacheka na kutetemeka kwa wakati mmoja. Kuhusu wanyama alisema ni tembo, mambo kwisha. Halafu akaniambia mahali pangu kazini kuna kijana mwingine. "Ni wa muda tu," akasema. Hakunitazama akisema hivyo.

Alipoondoka dirisha lilikuwa lile lile. Kamba za nguo za jirani, tangi jeusi la maji. Naogopa. Nikikatwa mguu, nani atanipandisha juu ya paa?

Jumatatu, 17 Machi

Nimeharibu.

Niliamka na sumu moyoni. Mama alianza mwenyewe, kwa sauti nzuri tu, akauliza ukuta kama kifaru ameamka. Sikutaka mchezo. Nikasema kiboko ni nguruwe aliyenona akaangukia maji, na watu wa kwao wanamsifu kwa sababu hawajaona kitu kingine.

 Kisha akaongea polepole, na safari hii hakuongea na ukuta.

Alisema kaka yake aliuawa na kiboko. Alikuwa akilinda mpunga. Kiboko alikuwa ametoka kula, anarudi mtoni, na kaka yake alikuwa amesimama njiani bila kujua. "Kiboko hana haja na mtu," akasema. "Ukisimama kati yake na maji, basi. Mimi simsifu. Namjua."

Niliomba msamaha. Nikarudia. Nilisikia sufuria zikioshwa.

Jumatano, 19 Machi

Stuli inakuja na chakula, stuli inaondoka. Nikigonga, anajikohoza. Zaidi ya hapo hakuna. Mvua imeanza na jikoni kunavuja. Stima imepotea tangu mchana, simu imezima.

Nimejifungia mwenyewe ndani ya kifungo. Zamani kilichonifunga kilikuwa mguu tu.

Nimemweleza Nabwire. Hakunifokea, ningependa anifokee. Alisema yule mjomba ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani utotoni.

Alhamisi, 20 Machi

Mguu unauma. Naandika hivyo hivyo.

Mvua kubwa. Nilihitaji kwenda chooni, nikagonga. Sikusikia kikohozi. Nikagonga tena kwa nguvu. Nikadhani amenisusia. Kumbe alikuwa jikoni tayari, mlango umefungwa, anakinga maji kwa beseni, na kwa kelele ile ya mvua hakusikia kitu. Nilingoja mpaka sikuweza tena. Nikatoka.

Maji yalikuwa yamepita chini ya mlango wa jikoni. Gongo liliteleza. Nilianguka mbele ya choo, mguu mbaya chini yangu, na shuka niliyojifunga ikaenda na njia yake. Uchi. Sikuita. Naona haya kuandika, lakini ni kweli: nilifikiria ni afadhali kulala pale mpaka jioni kuliko kuita. Nilijaribu kujivuta, maumivu yakanifumba macho. Ndipo nikaita. "Mama."

Mlango ulifunguka. Aliniona, akageukia ukuta papo hapo. Mgongo mfupi, mpana, leso ya manjano. Akasimama. Nilijua anapima nini: mwiko wa kwao na mguu wangu. Nilimwambia ateremke akaite wanaume.

Akauliza ukuta, "Mguu uko wapi?"

Nikasema uko chini yangu.

"Usiusogeze."

Alinyoosha mkono, akalishika pazia la chumba na kuling'oa pamoja na waya wake, akanitupia. Kisha akajifunika leso kichwa na uso wote, akaja hivyo hivyo, anapapasa sakafu kwa nyayo. Mikono yake ikanipata kwapani. "Shika shingo." Nikashika. Mimi si mwepesi. Aliniinua mara moja, bila kusitasita, mguu ukaning'inia bila kugusa chini, akarudi nami kinyumenyume mpaka kitandani. Nilimsikia akihema ndani ya leso.

 Alitoka akaenda kukaa kwenye ngazi, kwenye baridi, mpaka Nabwire aliporudi. Hakuingia tena.

Nililia. Si kwa sababu ya mguu.

Ijumaa, 21 Machi

Mosh na wenzake wawili wamenishusha ghorofa zote nne juu ya kiti. Picha imepigwa. Daktari aliitazama muda mrefu mpaka nikawa sihisi midomo yangu.

Chuma hakijasogea. Alisema aliyeniinua aliniinua vizuri, kama ningejiinua mwenyewe tungekuwa tunaongea mengine.

Nilitaka kumwambia Mama. Tulipofika nyumbani Mama alikuwa ameshapanda basi la kwao. Nabwire anasema hakukimbia. Amenigusa na ameniona, ni lazima apeleke neno kwa wazee wao. Yako mambo ya kufanywa, kuna kuku, kuna nguo mpya, halafu inakuwa sawa. Lini, hajui.

Jumapili, 23 Machi

Nabwire aliongea naye kwa simu. Mimi sikupewa simu, haifai. Nilimwomba Nabwire amwambie kwamba nimekubali: kiboko anampiga kifaru.

Alimwambia. Nikasikia kicheko kutoka mbali kwenye simu. Kisha Nabwire akanipa jibu: "Anasema usimdanganye. Nchi kavu ni kifaru, alijua siku zote."

Jumanne, 25 Machi

Kumetulia. Nabwire yuko kazini, jirani ataniletea chakula mchana.

Bila pazia naona sebule yote kutoka kitandani. Kiti chake kando ya mlango, beseni, ndala zake alizosahau. Nilikuwa nalichukia lile pazia. Jana nilimwomba Nabwire alifue. Usiku alilitundika tena, kwa waya mpya na misumari miwili, nami nikamwelekeza kutoka hapa hapa kitandani. Akauliza kwa nini sasa. Nikamwambia bila pazia Mama atakaa wapi akija.

Sasa limeshuka. Sioni kitu upande ule.

Asubuhi nilihitaji kwenda chooni. Niligonga sakafu kwa gongo, nyumba tupu, kisha nikangoja kidogo, kadiri ya mtu kufika jikoni na kufunga mlango. Ndipo nikapita.