Nagamasa wa Jakobsberg

Jumatatu, 3 Februari
Kahawa. Sindano ya sukari. Theluji tena. Binti yangu Rehema yuko kwetu na kichanga chake, mpaka arobaini iishe. Mumewe yuko zamu mji wa Södertälje, kiwanda cha malori. Jina nimetoa mimi, nani mwingine? Nagamasa. Injinia wa Kijapani wa meli yetu enzi za ubaharia wangu, alinibeba mgongoni akanitoa chumba cha mashine kikiwaka moto. Nikamwahidi somo, mjukuu wa jina lake. Nimetia nanga bandari arobaini, na jina kama hilo mji wetu huu wa Jakobsberg mzima hakuna. Fomu ya serikali ya kuandikisha jina iko mezani. Rehema bado kusaini.

Jumanne, 4 Februari
Mtoto halali. Analia mpaka sauti inakauka. Mke wangu: "Baba Rehema, mtoto amelikataa jina." Nikasema anajifunza Kijapani tu. Hakucheka mtu.

Alhamisi, 6 Februari
Nimekwenda maktaba kutafuta sifa za jina niwafunge midomo. Heri nisingekwenda. Nagamasa mmoja, bwana wa ngome: alizingirwa, akajiua. Wa pili alivuka bahari kama mimi, akawa mkubwa ugenini, Siam. Akajeruhiwa mguu, dawa ya kupaka ikatiwa sumu. Nina kidonda mguuni. Nimekitazama mara mbili. Nyumbani sikusema kitu. Naogopa.

Ijumaa, 7 Februari
Mtoto ana homa. Kilio kidogo, kama paka nyuma ya mlango. Halafu kimya. Kimya ndicho kibaya. Ambulensi. Rehema hakunitazama.

Jumamosi, 8 Februari
Hospitali. Mrija kwenye mkono mdogo kuliko kidole changu. Daktari anasema ni maambukizi ya damu, jina halihusiki. Namwamini. Na bado. Mzee wa bandari arobaini, kofia mkononi, sina hata mzaha mmoja.

Jumanne, 11 Februari
Homa imeshuka kidogo. Hawaahidi kitu. Asubuhi nilirudi maktaba. Kuna Nagamasa wa tatu. Utotoni alishikwa mateka, ikatoka amri auawe. Rafiki wa baba yake akamficha. Akakua, akawa bwana mkubwa. Ila siku zile hakuitwa Nagamasa. Alikuwa na jina la kitoto. Hili kubwa alipewa baadaye.
Nikamwambia Rehema aandike jina alitakalo yeye. Langu litangoja akue.
"Na ukifa kabla, baba?"
Ndiyo maana naandika hapa.
Injinia atanielewa. Mtoto amelala, ameshika kidole changu. Sijamwita kwa jina lolote.