Leseni ya Shemeji Yako

Chiloé, mwezi wa Oktoba

Kaka yangu mpendwa Belarmino,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Punta Arenas, na kwamba upepo wa huko umekuachia masikio yote mawili. Sisi huku tunapumua. Mvua haijakatika tangu tumzike Baba. Koti lake bado linaning'inia nyuma ya mlango. Juzi nilitia mkono mfukoni nikakuta tufaha lililonyauka, lile alilokuwa akilisugua kwenye mkono wa koti kutwa nzima bila kulila. Nimelirudisha palepale.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini mume wangu Nolberto hapokei simu zako, nikakwambia yuko kazini. Sasa nikueleze vizuri.

Jioni ya mwisho ya zile sala za siku tisa, nyumba ilijaa. Unajua ilivyo huku, hakuna anayeaga bila kunywa mistela ya marehemu, ile pombe tamu ya matunda. Nolberto alikataa. Alisema ana gari nje, na ni lazima amrudishe kwake don Eleuterio, msomaji wa sala, ng'ambo ya daraja. Wazee wakamcheka. Don Eleuterio mwenyewe akamwambia, "Mkwe gani wewe? Mzee anakukaribisha kwa mara ya mwisho, unampa mgongo! Haya ni maji ya matunda tu, bibi zetu walikuwa wanatibia mafua." Nolberto akanywa. Shangazi Zunilda akaleta kikombe chake, jirani akaleta chake, kila mmoja kwa jina la Baba. Nani angefikiria ulevi kwenye sala?

Askari walikuwa wamesimama darajani. Koplo alimpulizisha Nolberto kipimo, akakitazama, akampa pole ya msiba, kisha akaichukua leseni. Nolberto alimweleza kwamba hakutoka baa, ametoka kusali. Koplo akamjibu taratibu kwamba kipimo hakijui sala. Don Eleuterio, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni, alijifanya anatafuta rozari yake mfukoni.

Hakimu naye alikuwa mpole. Alisema kwa kuwa ni kosa la kwanza hatamfunga, ila leseni itafungiwa miaka miwili. Tulimweleza kwamba gari la shule ndilo linalotulisha, na kwamba Nolberto ndiye anayempeleka Mama mjini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Alitusikiliza hadi mwisho, akasema anatuamini, lakini sheria haimwachii pa kuchagua. Wiki ileile wanafunzi wakapewa dereva mwingine.

Basi la asubuhi linapita wakati Mama alipaswa awe ameshalazwa kwenye mashine. Gari la hospitali linasubiriwa na wagonjwa wa visiwa vyote. Majirani walisaidia mwanzoni, kisha kila mtu akawa na viazi vyake vya kupanda. Mimi nilikwenda kuomba leseni, jicho langu la kushoto likaniangusha.

Siku moja Mama alivimba miguu na pumzi ikawa fupi. Nolberto hakumuuliza mtu. Alimbeba, akawasha gari, na wakafika salama. Wakati wa kurudi wakamkuta koplo yuleyule. Mama akamsemea dirishani, "We kijana, mama yako alikuzaa na filimbi mdomoni?" Koplo aliinamisha kichwa, akaandika. Sasa kuna kesi ya pili, ya kuendesha wakati amefungiwa. Mwendesha mashtaka amemwambia akionekana tena barabarani atakwenda jela, na leseni huenda asiishike tena maishani. Kila asubuhi Nolberto hukaa ndani ya gari uani, mikono kwenye usukani, injini imezimwa. Ninampelekea chai humohumo.

Kaka, lililonifanya nishike kalamu ni hili. Tangu siku ile Mama ameacha kwenda hospitali. Amesema amemzika mume, hataki na mkwe wake afungwe kwa sababu ya figo zake mbovu, na hataki tena kuwa mzigo wa mtu yeyote barabarani. Hata siku jirani akipata nafasi akaja kupiga honi, anajibu kwa sauti kwamba anamenya viazi. Nimelia, nimegomba, nimemwita padri. Daktari alinivuta kando akaniambia kwamba bila mashine tuhesabu majuma, tusihesabu miezi. Mama alinikataza kukwambia, eti usije ukaacha kazi.

Najua utasema wewe leseni unayo, utakuja umpeleke. Nami nilimwambia hivyohivyo. Alicheka, akasema Belarmino anaendesha kama anayefukuza kondoo, hapandi ng'o. Kisha akanishika mkono, akasema amechoka. Kwa hiyo, kaka, sikuiti uje kuendesha. Njoo umwone, wakati bado ana nguvu za kutusema.

Nolberto anakusalimu, ingawa anaona haya. Shangazi Zunilda pia. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na umwambie mkeo akufungie nguo nzito za safari.

Ni mimi mdogo wako,
Otilia