Mchanga Katika Gunia Letu

Bariadi,
Jumamosi, 20 Julai 1996.
Asubuhi: baridi, upepo wa vumbi kutoka upande wa Meatu, jua lilichelewa. Naandika jioni.

Kwa Kaka Masele, Mwanhuzi.

Mwangaluka, Kaka. Natumaini wewe, wifi Apolonia na watoto hamjambo, na ng'ombe wanapata maji. Sisi miili yetu ni mizima. Mwanangu Elina anakuamkia, pokea shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana barua hii inamhusu.

Barua yako, yule Mayala uliyemtuma ameifikisha. Unaniagiza nimpeleke Elina mkutanoni kesho, apige magoti mbele ya kijiji aseme kwamba alidanganya. Nimeisoma mara tatu. Jibu langu ni hapana.

Nikueleze kwa utaratibu. Tangu waje wanunuzi binafsi, hakuna tena karani wa ushirika wa kukurudishia pamba chafu. Zamani tulichambua mafungu mawili, safi na fifi, yaani ile chafu. Siku hizi watu huimwagia maji na kuitia mchanga, wakisema hata mizani ya mnunuzi inaiba. Jumanne tarehe 9, kwenye foleni, Elina alimwambia mpimaji, bila kuulizwa, kwamba gunia letu lina mchanga. Nikalivuta gunia nyuma haraka, nikasema ni maneno ya kitoto. Mnunuzi akataka kila gunia limwagwe chini. Watu wakakataa, naye akapakia mizani akaondoka. Pamba ya kijiji kizima imelala majumbani. Jirani yangu Salu aliniuliza kama mtoto wa mwalimu hunyweshwa chaki badala ya uji. Watu walicheka, lakini tangu siku hiyo hatuazimwi hata moto. Kesho karani wa mnunuzi atakuwepo mkutanoni. Wazee wanataka amsikie mtoto akikiri uongo, ili bosi wake arudi.

Umeandika kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili hajui jema na baya, hurudia tu aliyoyasikia. Hapo nakupinga, Kaka. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hupanda ngazi: kwanza huogopa fimbo, kisha hutaka kusifiwa, kisha hushika sheria, na wachache hufika pa kujiuliza wenyewe lililo haki. Mimi sikuishia kukariri. Ulicheka daftari langu la kumbukumbu, lakini ndimo nilimoandika. Nilimuuliza Elina swali moja kila baada ya miaka mitatu: ndama akila pamba ya jirani na hakuna aliyeona, utafanyaje? Tarehe 3 Machi 1989, ana miaka mitano: nitakimbia kabla baba hajakata fimbo. Tarehe 7 Machi 1992: nitakwambia, mayu, mama yangu, uniite mtoto mzuri. Mwaka jana, tarehe 4 Machi: nitamwambia mwenyewe, kwani ataishi vipi asipovuna? Huyo ndiye unayesema hana akili.

Sasa soma pole pole. Mchanga niliutia mimi. Jumatatu tarehe 8, saa kumi jioni, niliuchota korongoni kwa ndoo, na Elina alikuwa akiniangalia. Hatukuwa na njaa. Niliogopa tu Salu asinicheke, nikiuza pamba safi peke yangu, kwamba nimesoma nikawa mjinga. Kisha kwa siku kumi na moja nikawaacha wamwite mwanangu mwongo. Mwalimu wa miaka arobaini na moja, mwenye cheti ukutani, nimesimama kwenye ngazi ya mtoto wa miaka minane anayetaka kuitwa mzuri. Lakini walitufundisha pia kwamba mtu mzima bado hukua. Basi nitakua kesho, mbele ya karani na mbele ya wazee.

Leo mchana mimi na Elina tumelimwaga gunia juu ya turubai na kulichambua. Mchanga umefika nusu ndoo. Nitaibeba kichwani mwenyewe hadi mkutanoni. Wakitaka kunitenga, wanitenge. Nawe ukitaka kunikana, nikane kwa kosa langu. Mtoto hatapiga magoti.

Msalimie wifi, na umwambie maharage aliyonipa mbegu yameota vizuri. Wapokee watoto salamu zangu, mmoja mmoja kwa jina.

Ni mimi dada yako,
Milembe.

Jumapili asubuhi, kabla ya kufunga bahasha: jana, baada ya kula, nilimwomba Elina msamaha. Akauliza kama anaweza kushika mshikio wa ndoo upande mmoja. Nikamkubalia; haitakwenda tena kichwani, tutaibeba sote wawili. Nililala saa mbili na nusu usiku, mapema kuliko siku zote tangu nichote ule mchanga.