Kinga ya Buluu ya Yaya Augustin

Kalemie, tarehe 14 Julai 1983

Yaya mupenzi Augustin, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimu kwa heshima yote, wewe na shemeji Hélène na kila muntu anayelala chini ya paa lenu huko Kabalo. Barua yako ya mwezi wa tano ilinifikia vizuri. Nilifurahi kusikia kwamba mugongo umepunguza kukuuma na kwamba umeanza kulima mihogo nyuma ya nyumba, ingawa mimi ningekuomba ungoje kidogo kabla ya kushika jembe. Ile dawa ya masista inakusaidia? Na Hélène, kikohozi kimemuacha? Sisi hapa tuko wazima. Malaria ilimushika Denise wakati wa mvua, lakini alipona na anakusalimia sana. Mimi ningali katika biro ya mizigo pale bandarini. Mashua za Kigoma zinakuja chache, sabuni inakosekana, lakini samaki ndagala wako wengi, na upepo wa kiangazi umefukuza mbu. Kaburi la Mama nililisafisha kabla ya Pasaka, nikapaka musalaba chokaa.

Nilichelewa kukujibu. Karatasi nilikuwa nayo. Kuna jambo moja nililitaka lifike mwisho kwanza ndipo nikuandikie. Nakuomba usome polepole, na usiache katikati hata kama hasira itakupanda.

Jambo lenyewe ni la baiskeli yako. Ile kinga ya mashindano, ya buluu, uliyonunua kwa yule Mugiriki mwaka wa 58, wakati muji huu ulikuwa ungali unaitwa Albertville, na ambayo ilipotea katika vita vya 64. Yaya, nimeipata.

Mwezi wa kwanza mujomba wa Denise alikufa kule Zongwe, tukapanda mashua kwenda kilio. Siku ya pili nilitoka kutembea kando ya ziwa mpaka kwenye nyumba ya muvuvi mumoja muzee, jina lake Gaspard. Nyavu zake zilikuwa zinakauka juu ya chuma fulani alichokifunga kwa kamba chini ya paa. Nikainua nyavu. Ilikuwa kadre ya baiskeli, yaani ule mwili wa chuma peke yake, bila magurudumu, bila kiti, bila munyororo. Gidoni lilikuwepo, limepinda kwenda chini kama pembe za kondoo, vile ulivyokuwa unalishika ukiinama. Vyote vilikuwa vimepakwa rangi ya kijani, ile wanayopaka mashua. Muzee Gaspard alinipa bila kubishana. Nikarudi nayo Kalemie, nimeificha chini ya mifuko ya samaki.

Najua unachowaza sasa. Unasema: kumbe yule mwizi Isidore aliipeleka mpaka Zongwe! Ngoja kwanza, Yaya. Endelea kusoma.

Niliipeleka kwa Isidore mwenyewe. Miaka kumi na tisa iliyopita ulitukataza sisi wote kutia muguu kwake, na sikuutia. Lakini Kalemie nzima hakuna fundi mwingine anayejua hizi kinga za zamani. Atelie yake iko karibu na gare ya treni, mabati manne tu na benchi la mbao. Ndani ametundika baiskeli tano za mashindano zilizoachwa na Wabelgiji. Nyingine aliziokota nyuma ya misioni zimeota majani, nyingine zilikuwa zinabeba makaa. Anazifungua, anazisafisha, anatafuta kipande kinachokosekana hata mwaka mzima, mpaka zinatembea. Na kila Jumapili baada ya misa, yeye na wazee wenzake watatu wanazipanda kwenda daraja la muto Lukuga na kurudi, wamevaa kaptula, magoti yao makavu yanaonekana, na mama zetu wa sokoni wanawapigia vigelegele. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Muke wake alikufa, hakuoa tena.

Nilimwambia kwamba nimepata chuma hiki kwa wavuvi na ninataka kitembee. Akakiinua kwa mukono mumoja, akakigeuza, akapitisha kidole gumba upande wa chini, pale pedali zinapofungwa. Kidole kikasimama. Nikafikiri ameona ufa. Akaniuliza tu kama nina haraka. Nikamujibu hapana. Akasema ni vizuri, maana kazi kama hii haitaki haraka, na tena yeye hataifanya peke yake: kama ninaitaka kweli, nije kila siku nikitoka biro, nishike musasa.

Nilikwenda miezi mitano. Tulitoa kijani na kutu kwa musasa na mafuta ya taa, mpaka Denise akalalamika kwamba hata ugali ukipita mikononi mwangu unanuka taa. Magurudumu tuliyapata misioni, yamepinda. Isidore alifungua rayon zote, zile nyuzi nyembamba za chuma, akazinyoosha moja moja juu ya jiwe, akazirudisha. Halafu alizungusha gurudumu na kugonga kila uzi kwa ukucha, sikio karibu, kama muntu anayetengeneza sauti ya gitaa. Akanifundisha kusikia ule uliolegea. Kipande cha freni ya mbele, ile breki, hakikuwepo duniani, akakichonga kwa tupa siku mbili. Fundi viatu wa sokoni alitushonea ngozi ya kiti. Ile pedali ya kulia Isidore aliifunga na kuifungua mara tatu, kila mara akisema bado ina kelele. Mimi sikusikia kelele yoyote.

Katika miezi hiyo yote hakutaja jina lako hata mara moja. Siku moja tu, tukiwa tumeinama wote wawili, aliniuliza Mama alizikwa upande gani wa makaburi. Nilimuonyesha siku ya pili yake. Alikaa pale kitambo, mimi nikamungojea barabarani.

Siku ya rangi nilifika nikamukuta ameshaichanganya. Hakuniuliza ninataka rangi gani. Ilikuwa buluu, Yaya, buluu ile ile, na pale mbele chini ya gidoni alikuwa amechora ule mustari mweupe ulioupenda. Mustari ule sikuwa nimemwambia.

Jumapili ya tarehe tatu mwezi huu alitaka tuijaribu. Yeye alipanda yake nyekundu, mimi akaniweka kwenye yako. Nina miaka thelathini na sita na tumbo langu la biro, lakini tulipoacha nyumba za gare na kuingia barabara ya ziwa nilielewa kitu ambacho sikukielewa nilipokuwa kijana nikikushikia chupa ya maji. Haina kelele. Ukisukuma kidogo tu, inakwenda mbele ya mawazo yako. Upepo ulikuwa unatoka majini, Isidore mbele yangu, mugongo wake umelala sawa kama meza, na kila alipoona shimo alinyoosha kidole chini bila kugeuka, ili nilikwepe. Alinichunga hivyo njia nzima. Tulipofika darajani sikuweza kuendelea. Nilishuka, nikaketi kwenye majani, nikamwambia kila kitu. Sasa nakwambia na wewe.

Yaya, Isidore hakuiba kinga yako. Mimi njo niliichukua.

Unakumbuka reli ilipokatika ulikuwa na treni yako huko Kabalo, hukuweza kurudi. Kabla ya kuondoka uliniambia maneno mawili: nisimuache Mama, na nisiguse kinga. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Askari walipoanza kukusanya vijana wa kata yetu, niliogopa. Sikuogopa kama muntu anayetetemeka halafu anabaki. Niliogopa mpaka nikamuona Mama anapepeta unga nyuma ya nyumba, nikapita upande wa mbele, nikatoa kinga yako, nikaenda. Sikumuaga. Nilifuata njia za kusini siku tatu, nikiendesha na kusukuma na kuibeba mabegani, mpaka Zongwe. Pale muvuvi mumoja alikuwa na nafasi moja katika mutumbwi wa kwenda ng'ambo ya ziwa. Nikampa kinga, nikapata nafasi. Muvuvi huyo njo Muzee Gaspard. Kwa hiyo mwaka huu sikuikuta Zongwe kwa bahati. Nilikwenda moja kwa moja kwenye nyumba yake, na alinitambua kabla sijafungua kinywa. Hakuniuliza habari nyingine. Aliniuliza tu, “Na mama yako uliyekuwa unamulilia ndani ya mutumbwi, alipona?”

Mama alipona, lakini si kwa sababu yangu. Niliporudi mwezi wa kumi na mbili nilisema nilishikwa kubeba mizigo ya askari, na watu wakanihurumia. Halafu ukarudi na wewe, ukaona ukuta ulipokuwa unaitundika uko mutupu, ukaniuliza kinga iko wapi. Nikajibu kwamba mara ya mwisho nilimuona Isidore anaisukuma kuelekea gare. Nilitamka vile, Yaya, bila kufikiri, kama muntu anayekwepa kofi. Na kofi ulikwenda kumupiga yeye, pale pale gare, mbele ya abiria, ukamuita mwizi. Muntu ambaye angesimama shahidi katika ndoa yako na Hélène. Tangu siku ile wateja wengine walikataa kumuachia baiskeli zao. Na siku ya kilio cha Mama, kwa kuwa uliapa hataingia, alisimama ng'ambo ya barabara, kofia mukononi, juani, toka asubuhi mpaka tulipobeba jeneza. Mimi nilikuwa ninagawia watu maji. Nilimuona. Sikuvuka barabara.

Isidore alinisikiliza mpaka mwisho, akiangalia maji ya Lukuga. Halafu akasema, “Nilijua siku ya kwanza.”

Nikamuuliza alijuaje.

“Chini ya pedali kuna soudure ya shaba. Niliiunga mimi mwenyewe kwa moto mwaka wa 59, Augustin alipoanguka na kadre ikapasuka. Kidole changu kiguse kazi yangu kisiijue?”

“Na mbona hukusema?”

“Nilikuwa ninangoja useme wewe. Nikawaza, tukimaliza magurudumu atasema. Tukamaliza. Nikawaza, tukimaliza freni. Unafikiri ile pedali ilikuwa na kelele kweli? Nilikuwa ninakuongezea siku, Hubert.”

Nililia, Yaya, sioni haya kukuandikia. Akaniacha mpaka nikanyamaza, ndipo akaniuliza neno moja, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya muntu aliyechoka: “Muji huu wote, watu hawa wote. Kwa nini jina langu?”

Sikuwa nimewahi kujiuliza, lakini jibu lilitoka lenyewe, na ni la kweli. Nikamwambia, “Kwa sababu wewe Yaya alikupenda. Nilifikiri wewe atakusamehe. Mimi nisingesamehewa.”

Aliinuka, akapanda kinga yako ya buluu, mukono mumoja akishika gidoni lake, na mukono mwingine akiongoza ile nyekundu kando yake, akaenda zake. Mimi nilirudi mujini kwa miguu. Siku tatu atelie ilifungwa. Nilipita asubuhi na jioni, nikakuta kufuli. Denise, ambaye nilikuwa nimemuambia yote, hakunisema neno baya, ila alinitazama kama muntu aliyehamia nyumbani jana.

Siku ya nne Isidore alikuja kwetu. Alikataa bia, akakubali chai. Akasema hataki nimuombe musamaha mbele ya kanisa wala mbele ya wazee, mambo hayo hayatamurudishia miaka. Anataka kitu kimoja: nikuandikie wewe, kwa mukono wangu, bila kupunguza, na barua isipelekwe na posta wala na mufanyakazi wa treni. Ataileta yeye mwenyewe, pamoja na kinga.

Nimeiandika mara nne. Jana nilimusomea. Alinifanya nifute mustari mumoja tu, ule niliosema kwamba yeye ni mutakatifu. Alisema watakatifu hawakuchukii miaka kumi na tisa, naye alikuchukia vizuri sana, wewe kuliko muntu yeyote, kwa sababu ulinisikiliza mimi bila kumuuliza yeye. Neno hili aliniambia niliache ndani, nami nimeliacha. Kama amenisamehe mimi, sijui. Hakuniambia, na sikumuuliza.

Kwa hiyo muntu aliyekupa bahasha hii njo Isidore. Amesafiri na treni ya Jumamosi, ameikumbatia kinga yako njia yote, ninamujua, hakuiacha kwenye behewa la mizigo. Kama hukumutambua kwa sababu ya nywele, sasa unajua. Mimi unikasirikie kwa muda wote unaoona unafaa. Nitangoja, sitakusumbua kwa barua nyingine. Lakini ukifika hapa kwenye barua, usianze kufikiri cha kunijibu. Weka karatasi chini, Yaya, umuangalie yeye.

Umusalimie shemeji Hélène, na umwambie kwamba kanga aliyoniagiza, Denise ameipata na ataituma kwa njia nyingine. Nasalimu na majirani wa gare wanaonikumbuka. Mungu akulinde mugongo na macho.

Hapa biro, tangu majina ya Wazungu yakatazwe, wananiita Kisimba, lakini kwako mimi ni yule yule,

mudogo wako,
Hubert